Rangi ya Turubai na Miche Yetu



Mwaka juzi kikundi kimoja cha bustani katika bonde la Msimbazi kiliomba fedha za kivuli cha kitalu cha nyanya. Niliidhinisha mimi mwenyewe. Likanunuliwa turubai la bluu, Kariakoo, kwa kuwa bei yake ilikuwa nafuu. Miche ilirefuka na kulegea. Tulipoihamishia juani, majani yakawa meupe kwa siku chache tu. Tukalaumu mbegu, na hapo tulikosea.

Mwanga unapozidi kiasi ambacho jani linaweza kutumia, ndani yake hutokea oksijeni kali inayounguza seli. Jani hujikinga kwa vimeng'enya. Kimoja, supaoksaidi dismutesi, huigeuza oksijeni hiyo kuwa haidrojeni peroksaidi. Kingine, katalesi, huivunja haidrojeni peroksaidi iwe maji na oksijeni ya kawaida. Kwa kawaida jani lililokulia kwenye kivuli kizito huwa na kinga hii kidogo, hivyo jua la ghafla huliunguza.

Rangi nayo ina kazi yake. Mwanga wa bluu huzuia shina kurefuka ovyo, na katika mimea mingi huchochea kinga. Lakini ukiwa mkali huharibu katalesi, kwa sababu kimeng'enya hicho kina sehemu yenye chuma inayofyonza bluu. Jani hulazimika kukitengeneza upya. Matokeo hutofautiana kati ya zao na zao, kwa hiyo msimwamini muuzaji anayesifu rangi moja kwa kila mboga. Turubai letu lilituangusha kwa uzito wake kuliko kwa rangi yake, maana lilizuia sehemu kubwa ya mwanga.

Mnaweza kupima wenyewe. Oteshani miche ya nyanya chini ya neti ya kivuli, chini ya turubai, na mingine juani. Ponda majani ya uzito sawa kutoka kila sehemu, kila fungu na kijiko kimoja cha maji. Ongezeni kiasi sawa cha haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa, ya asilimia 3 (isiingie machoni). Povu ni kazi ya katalesi. Linganisheni urefu wake.

Kikundi kile sasa kinatumia neti nyepesi. Kabla ya kupandikiza, miche huonjeshwa jua la asubuhi saa 1 au 2, muda ukiongezwa kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10. Maombi ya vitalu ya robo ijayo yaonyeshe aina ya kivuli na ratiba hiyo.