SOMO: Kurekebisha Hati za PDF katika Kompyuta za Linux



Chama kinachotumia mfumo wa Linux huepuka gharama ya leseni, lakini hupata shida kinapoletewa fomu au taarifa ya PDF na kutakiwa kuijaza. Kampuni ya Adobe, iliyoutoa muundo huo mwaka 1993, haitengenezi tena programu yake ya kusomea PDF kwa ajili ya Linux. Toleo la mwisho, 9.5.5, lilitoka mwaka 2013. Hata hivyo, tangu mwaka 2008 PDF ni kanuni ya kimataifa, ISO 32000, nao watengenezaji wengine wameifuata. Kwa hiyo programu mbadala zipo, na zifuatazo hazilipiwi.

Kila Kazi na Chombo Chake

Tusitafute programu moja ifanyayo yote. Kwanza tujiulize kazi ni ipi.

(a) Kujaza fomu na kuandika maoni: Okular.

(b) Kuandika juu ya fomu iliyopigwa picha, au kutia saini kwa mkono: Xournal++.

(c) Kuunganisha, kupanga, kugeuza au kuondoa kurasa: PDF Arranger.

(d) Kubadili maneno yenyewe: LibreOffice Draw. Programu hii huyakata maandishi katika visanduku vidogo, na mistari yaweza kuhama ikiwa kompyuta haina aina ile ya herufi. Yafaa kusahihisha jina au tarehe, si kuandika upya taarifa nzima.

Mambo ya Kuzingatia

Kwanza, PDF ni kama karatasi iliyokwisha kupigwa chapa. Ikiwa faili la asili lipo, sahihisheni humo, kisha mtoe PDF mpya.

Pili, kufunika namba ya akaunti ya mwanachama kwa kisanduku cheusi si kuifuta. Maandishi hubaki chini yake, na mpokeaji aweza kuyanakili.

Tatu, na hili ndilo kubwa: muhtasari uliotiwa saini, stakabadhi, au mizania iliyokaguliwa isibadilishwe kamwe. Katika leja ya karatasi, tarakimu iliyofutwa huacha alama; katika PDF yaweza isiachwe alama yoyote ionekanayo kwa macho. Zikiwapo nakala mbili zinazopingana, hata meneja mwaminifu atashindwa kuuthibitishia mkutano mkuu ipi ni ya kweli. Kosa likionekana, iandikwe hati ya marekebisho yenye tarehe na saini, na ile ya awali itunzwe kama ilivyo.

Maswali ya Majadiliano

1. Faili za asili za taarifa za chama chenu zimehifadhiwa wapi, na nani mwenye dhamana nazo?

2. Kati ya kazi nne zilizotajwa, ipi hufanywa mara nyingi ofisini kwenu?

3. Mhasibu akigundua kosa katika mizania iliyokwisha kukaguliwa, afuate hatua zipi?