Cong si Kongo

Barua zenu kuhusu parokia ya Cong, magharibi mwa Ireland, zimenifikia. Naanza na iliyonikera zaidi.

Je, Cong na Kongo ni neno moja?

Hapana.

Basi lina maana gani?

Kwa Kiayalandi ni Conga, ukanda mwembamba wa nchi kavu katikati ya maji. Kijiji kimekaa baina ya ziwa Mask na ziwa Corrib; ramani ingewajibu kabla yangu.

Vijiji vinavyoanza na Kil-, watu waliuawa humo? (Barua kadhaa, jibu moja.)

Nani anawalisha haya? Kil- hapa si neno la Kiingereza la kuua. Mara nyingi ni *cill*, kanisa, lililotokana na Kilatini *cella*. Kildare ni kanisa la mwaloni. Ila kuna *coill* pia, yaani msitu, na makarani walioandika Kiayalandi kwa masikio ya Kiingereza waliyavuruga maneno hayo mawili. Kylemore, ng'ambo ya milima ya Connemara, ni msitu mkubwa, wala halikutokana na kanisa. Ndiyo maana John O'Donovan, katika miaka ya 1830, alizunguka kwa ajili ya wapima ramani akiwasikiliza wazee wakitamka, kisha akalinganisha na hati za kale. Nanyi fanyeni hivyo: sikilizeni, someni, halafu mkatazame kama pana magofu.

Mfalme Ruaidrí amezikwa Cong?

Alifia hapo mwaka 1198. Kaburi lake liko Clonmacnoise. Anayewaonyesha jingine anangoja bahshishi.

Mbona mfereji wa Cong ni mkavu?

Ulianza kuchimbwa 1848, wakati wa njaa kuu, ili boti zipite toka ziwa hadi ziwa, ukaachwa 1854. Mawe ya chokaa ya pale ni chujio: maji ya Mask hushuka Corrib kwa njia za chini ya ardhi.

Mume wangu asili yake huko. Shamba la babu zake nitalipataje?

Usinunue ngao ya ukoo; utauziwa karatasi. Sensa za 1821 hadi 1851 karibu zote ziliteketea Dublin mwaka 1922, kwa hiyo tafuta orodha ya Griffith ya wapangaji wa ardhi, 1847 hadi 1864. Imepangwa kwa vitongoji, navyo ni zaidi ya 60,000 kisiwa kizima. Waulize wakwe zako jina la kitongoji chao, uliandike wanavyolitamka.