Je, Mnausikiliza Wimbo Mnaouimba?



Katika arusi nyingi za hapa Kisumu, keki ikishakatwa, wapiga gitaa huanza "Malaika". Akina mama hupiga vigelegele, bwana arusi humshika bibi arusi mkono. Hata mimi nimeuimba mara nyingi. Lakini leo tuusome wimbo huu kama tunavyosoma somo la Jumapili, neno kwa neno.

Fadhili William aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Miriam Makeba akaueneza ng'ambo. (Ni nani hasa aliyeutunga, watu wamebishana miaka mingi; tuwaachie.) Anayeimba ni kijana anayempenda msichana na kutaka kumwoa, lakini hana mali. Fedha zinamtesa rohoni. Anamwaza msichana kama kidege. Wimbo unakwisha na bado hawajaoana. Huo ndio tunaoupigia vigelegele!

Sisi wa Nyanza hatukupaswa kukosea hivyo. Marehemu D. O. Misiani wa Shirati Jazz, aliyefariki mwaka 2006, aliimba benga kwa mafumbo ya wanyama, na wazee walijua mnyama yupi ni nani. Hata serikali ilijua, maana alikamatwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya nyimbo zake.

Kwa nini nasema haya katika ukurasa wa ndoa? Kwa sababu ya mama mmoja wa kando ya ziwa aliyenijia akilia. (Nimebadilisha mambo machache ili asijulikane.) "Mwalimu," alisema, "mzee wangu ana mwanamke mwingine. Kila jioni akishona nyavu anaimba Malaika. Huyo malaika si mimi. Mimi nanuka omena." Walikuwa wameishi pamoja miaka 11, wana watoto wanne, hawajafunga ndoa kanisani, na Jumapili hubaki kwenye benchi wengine wakienda kukomunika.

Nilimwita mume. Sikumwuliza habari za mwanamke. Nilimwomba tu anieleze maana ya wimbo anaoupenda. Alinyamaza sana. Kisha akasema, "Mwalimu, kijana huyo ni mimi. Nilitoa ayie peke yake. Ng'ombe sijapeleka hata mmoja, na samaki wamepungua. Nitasimamaje altareni mbele ya wakwe?"

Miaka 11 alikuwa akiimba deni lake, na mkewe akisikia jina la mwanamke mwingine. Ndugu msomaji, tazama tena wimbo wenyewe: kijana anaeleza shida yake yote, lakini sauti ya msichana hatuisikii hata mara moja. Labda hakuulizwa. Yule mama alipoulizwa, alijibu kwamba mama yake mzazi alikwisha kuacha kungoja ng'ombe zamani. Alichongoja ni kumwona binti yake altareni.

Mahari ni desturi ya heshima, inaunganisha koo mbili, na simwambii mtu aidharau. Lakini kinachofanya ndoa ni hiari ya hao wawili, ndivyo inavyosema Kanuni ya 1057 ya Sheria za Kanisa. Deni la ng'ombe si kizuizi cha sakramenti. Hata Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inasema kwamba, pale mila inapodai mahari, sehemu ndogo ya ishara yatosha kuthibitisha ndoa ya kimila. Na Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika wosia wake Familiaris Consortio wa mwaka 1981, alikiri kwamba wengine huishi bila ndoa kwa kusukumwa na umaskini. Aliwataka wachungaji wawaendee kwa heshima na uvumilivu, si kwa fimbo.

Wale wawili walifunga ndoa. Bwana aliomba Malaika usipigwe siku hiyo. Bibi akakataa, ukapigwa.

Zoezi la nyumbani: watoto wakishalala, kila mmoja ataje wimbo ambao mwenzake huuimba mara kwa mara, aseme anavyousikia yeye. Mwenye wimbo asimkatize. Naye ataeleza baadaye. Likitokea jambo la mahari, nendeni wote wawili kwa wazazi, msimwachie mshenga peke yake, kisha mwoneni paroko.