MSIMU KAMA MASIMULIZI: FANANI NA HADHIRA KATIKA RAGA YA LIGI YA AUSTRALIA, 1997

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufunzwa mapema kwamba ngano haikai kitabuni. Hukaa kinywani mwa fanani na masikioni mwa hadhira, na hadhira ikikosekana, fanani hubaki mtu anayejisemea. Ruth Finnegan alilitilia mkazo jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, na tangu hapo limekuwa kama kanuni katika mihadhara yetu. Hata hivyo, kanuni inayokaririwa sana huacha kuchunguzwa. Makala haya yanalichukua dai hilo na kulijaribu mahali ambapo wengi hawangelitarajia, yaani katika msimu mmoja wa raga ya ligi nchini Australia.

Msimu wenyewe ni ule wa 1997. Ulikuwa msimu uliopasuka vipande viwili: ligi mbili, majedwali mawili, fainali mbili na mabingwa wawili katika mchezo mmoja na nchi moja. Kwa mtafiti wa masimulizi, hali hiyo ni sawa na kukuta hadithi moja ikitambwa na mafanani wawili katika uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila mmoja akishikilia kwamba yeye ndiye mwenye hadithi. Swali linalojitokeza ni hili: mtunzi wa msimu ni nani? Je, ni mwenye fedha anayepanga ratiba, mchezaji anayekimbia na mpira, au mtu wa kawaida aliyeketi jukwaani na skafu shingoni?

Kuhusu mchezo wenyewe

Neno "raga" linapotajwa nchini Kenya, fikira huenda moja kwa moja kwenye mchezo wa wachezaji 15, au ule wa wachezaji saba kila upande. Raga ya ligi ni ndugu wa mchezo huo aliyehama nyumbani kwa hasira. Tarehe 29 Agosti 1895, wawakilishi wa vilabu vya kaskazini mwa Uingereza walikutana katika hoteli ya George mjini Huddersfield na kujitoa katika chama kikuu cha raga. Kiini cha ugomvi kilikuwa ujira. Wachezaji wengi wa kaskazini walikuwa wachimba makaa na wafanyakazi wa viwandani. Kila walipokwenda kucheza walipoteza mshahara wa siku, na wakuu wa mchezo, ambao wengi wao hawakuwa na shida ya mshahara, walikataa walipwe fidia. Mchezo huu basi ulizaliwa katika suala la nani alipwe nini, na suala hilo halijauacha hadi leo. Jijini Sydney mashindano yake yalianza mwaka 1908.

Kanuni zake ni nyepesi. Kila timu ina wachezaji 13. Trai huleta alama nne, na mkwaju unaopigwa baada yake alama mbili. Lililo muhimu zaidi kwa mjadala huu ni hesabu ya sita: timu yenye mpira huruhusiwa kukabwa na kuangushwa mara sita tu, kisha humkabidhi mpinzani mpira. Kwa mtu aliyezoea kuhesabu mizani, mchezo huu una mapigo yanayotambulika upesi. Moja, mbili, tatu. Kila pigo hujenga juu ya lililotangulia, na la sita hufunga. Mtazamaji mzoefu huhesabu bila kujua kwamba anahesabu, kama vile msikilizaji wa shairi anavyokisia kituo kabla hakijafika. Taharuki huzaliwa hapo.

Aidha, msimu mzima una msuko. Ratiba huwa mifupa yake, jedwali hukumbusha yaliyopita, na fainali ni kilele. Tofauti iliyopo ni kwamba hakuna ajuaye mwisho. Fanani wa ngano anajua kuwa sungura ataponyoka, kocha hajui. Wapo watakaosema kuwa tofauti hiyo inatosha kuuondoa msimu katika uwanja wa masimulizi. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau kwamba msimu huwa masimulizi pale unapohadithiwa baadaye, na anayehadithia baadaye anaujua mwisho vizuri sana.

Mafanani wawili

Chanzo cha mpasuko wa 1997 kilikuwa televisheni ya kulipia. Katikati ya miaka ya 1990 huduma hiyo ilikuwa inaingia Australia, na raga ya ligi ilikuwa chambo cha kuwavutia wateja wa majimbo ya New South Wales na Queensland. Haki za matangazo zilikuwa upande wa Kerry Packer. Kampuni ya News Limited ya Rupert Murdoch ilizitaka, na ilipozikosa iliamua kuanzisha ligi yake yenyewe, Super League. Kuanzia mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili 1995, mawakala walizunguka usiku na mchana wakiwasainisha wachezaji mikataba minono. Chama cha Australian Rugby League, yaani ARL, kikajibu kwa fedha za upande wa Packer. Ni vyema jambo hili lisisitizwe, kwa kuwa masimulizi ya baadaye hupenda kulificha: walioitwa waaminifu walilipwa pia. Kinaya hicho hakipaswi kumpita mwanafunzi wa fasihi.

Kesi ilifika mahakamani. Mnamo Februari 1996 hukumu ya kwanza iliizuia Super League kuanza. Oktoba mwaka huohuo mahakama ya rufani ikaibatilisha. Hivyo, mwaka 1997 ukaanza na ligi mbili: ARL ikiwa na timu 12 na Super League timu 10. Vilabu vilivyokuwa vikikutana kila mwaka havikukutana tena. Wazee wetu wamesema kuwa fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Mwaka ule nyasi zilikuwa mashabiki, ambao waliamka na kukuta mpinzani wao wa jadi yuko katika hadithi nyingine.

Mandhari: mji wa chuma

Newcastle ni mji wa bandari kaskazini mwa Sydney, kwenye mdomo wa mto Hunter. Ni mji wa makaa ya mawe, na tangu mwaka 1915 ulikuwa mji wa chuma, kwa sababu kampuni ya BHP ilijenga hapo kiwanda kikubwa cha kuyeyushia chuma. Timu yake, Newcastle Knights, iliingia ligi kuu mwaka 1988. Mwaka uliofuata, mwezi Desemba, tetemeko la ardhi liliupiga mji huo na kuua watu 13.

Aprili 1997, msimu ukiwa mchanga, BHP ilitangaza kuwa kiwanda kingefungwa. Mtunzi wa riwaya angesita kulipanga tukio hilo mahali hapo, akichelea kuambiwa kwamba analazimisha. Mji uliopewa habari kwamba kazi yake ya zaidi ya miaka 80 inakwisha ukawa na jambo moja tu la kutazama kila wikendi lililokwenda vizuri. Mandhari, kama tunavyofunzwa, si pazia la nyuma tu. Bila tangazo lile la Aprili, Knights wangekuwa timu nzuri iliyocheza vizuri. Baada ya tangazo, kila ushindi ulisomwa na watu wa Newcastle kwa maana ya ziada, ambayo wachezaji wenyewe hawakuitia hapo.

Kilele

Fainali ya ARL ilichezwa jijini Sydney tarehe 28 Septemba 1997. Mpinzani wa Knights alikuwa Manly, klabu ya kitongoji cha ufukweni chenye sifa ya ukwasi, bingwa wa mwaka 1996 na timu iliyokuwa inacheza fainali ya tatu mfululizo. Newcastle hawakuwa wamewahi kufika fainali, na kwa miaka kadhaa walikuwa wakishindwa na Manly kila walipokutana. Uhusika ulikuwa umekwisha kugawanywa kabla ya kipenga: tajiri na maskini, mzoefu na mgeni. Fanani yeyote wa ngano angewatambua.

Manly waliongoza kwa sehemu kubwa ya mchezo. Andrew Johns, mchezaji aliyeongoza mashambulizi ya Newcastle, alicheza huku mbavu zake zikiwa na jeraha. Dakika zikiwa zinayoyoma, Robbie O'Davis alipata trai yake ya pili, Johns akaongeza mkwaju, na matokeo yakawa 16 kwa 16. Kila mtu uwanjani alianza kuwazia muda wa ziada. Kisha, zikiwa zimesalia sekunde chache tu, Johns aliuokota mpira nyuma ya mwenzake aliyeangushwa, akaelekea upande finyu wa uwanja ambako hakuna aliyemtarajia, akampasia Darren Albert. Albert akapenya na kuuweka mpira chini karibu na milingoti. Mkwaju wa mwisho ukafanya 22 kwa 16.

Tendo lenyewe halikuchukua muda wa kuvuta pumzi mbili. Mtu akilisimulia huchukua robo saa, na hapo ndipo hoja ya makala haya inapopata nguvu. Katika kulisimulia, msimulizi hurudi nyuma kwa mbinu rejeshi hadi Aprili, hadi kiwandani, hadi tetemeko. Hutaja alikoketi, aliyekuwa naye, baba aliyekuwa hai wakati huo. Pasi ya Johns ilikuwa ya Johns. Hadithi ni ya mji. Timu iliporejea Newcastle ilipokewa na umati mkubwa, na katika umati huo walikuwemo watu waliokuwa wakihesabu miezi iliyobaki ya ajira yao.

Mabingwa wawili

Siku nane kabla, tarehe 20 Septemba, Super League ilikuwa imefanya fainali yake. Brisbane Broncos waliwashinda Cronulla Sharks alama 26 kwa 8. Broncos walikuwa timu bora sana, na wapo wajuzi wanaoamini kwamba wangewashinda Newcastle lau wangekutana. Hawakukutana. Kumbukumbu rasmi za mchezo zinawatambua mabingwa wote wawili wa mwaka huo.

Ingekuwa rahisi kusema hapa kwamba hadhira ilikataa hadithi ya fedha na kuichagua hadithi ya watu. Takwimu zinakataa. Fainali ya Brisbane ilihudhuriwa na watu zaidi ya 58,000, ilhali ile ya Sydney ilikuwa na zaidi ya 42,000. Watu wa Brisbane hawakujali sana nani alikuwa mwenye ligi. Timu yao ilikuwa ileile, rangi zilezile, na walikwenda. Mtu anayetaka kuifanya 1997 kuwa ngano ya wema dhidi ya uovu anapaswa kujibu hoja ya Brisbane kwanza. Inavyoelekea, hadhira haikuwa inachagua kati ya Murdoch na Packer. Ilifuata hadithi iliyokuwa imekwisha kuanza, popote ilipopelekwa. Mwenye fedha aliyeinunua pamoja na timu yake ya zamani alifanikiwa. Yule aliyetaka kuanza upya bila kumbukumbu ndiye aliyepata hasara.

Desemba 1997 pande zote mbili zilipatana, na mwaka 1998 ukaanza kwa ligi moja ya timu 20, kwa makubaliano kwamba zipunguzwe hadi 14 ifikapo mwaka 2000. South Sydney, klabu iliyokuwepo tangu 1908, iliondolewa mwaka 1999. Mashabiki wake waliandamana kwa maelfu katika mitaa ya Sydney, klabu ikaenda mahakamani, ikashinda rufani mwaka 2001 na kurejea uwanjani mwaka 2002. Mwaka 2003 mahakama ya juu kabisa iliamua kwamba News Limited ndiyo iliyokuwa na haki kisheria, lakini wakati huo South Sydney walikuwa wanacheza tayari na hakuna aliyethubutu kuwatoa tena. Mwaka 2014 walitwaa ubingwa.

Hadhira iliyokosekana

Mfano ulio bayana kuliko yote uko Newcastle penyewe. Kwa kuwa Knights walibaki na ARL, Super League iliunda timu yake mpya katika eneo hilohilo na kuiita Hunter Mariners. Ilikuwa na kocha hodari, Graham Murray, wachezaji wanaolipwa na uwanja wa kuchezea. Wenyeji hawakwenda. Kila Mariners walipocheza nyumbani, viti vilivyobaki wazi vilikuwa vingi, katika mji uleule uliokuwa ukiwashangilia Knights hadi sauti kukauka.

Ikumbukwe kuwa Mariners hawakuwa timu mbovu. Katika shindano la vilabu la dunia lililoandaliwa na Super League mwaka huohuo, walikwenda Uingereza wakaishinda Wigan, klabu yenye jina kubwa, kwenye uwanja wake. Wakaendelea hadi fainali. Lau ubora wa utendaji peke yake ungetosha kuumba masimulizi, watoto wa Newcastle wangekuwa wanahadithiwa habari za Mariners. Fanani alikuwapo, tena mwenye kipaji, jukwaa lilikuwapo, kilele nacho kilikuwapo.

Fainali hiyo ilichezwa Auckland, New Zealand, tarehe 17 Oktoba 1997, wiki tatu hivi baada ya trai ya Albert. Brisbane walishinda alama 36 kwa 12. Mariners walirudi Newcastle, na hawakucheza mechi nyingine tena.