Mdogo Wangu, Nyeupe Haitakuondolea Giza

Haya, sogea karibu tuongee. Najua bonasi ya majani chai imeingia au inakaribia, Desemba inabisha hodi na sherehe za vijana wetu wanaotoka jandoni, na wewe umeshaapa kwamba mwaka huu wageni hawataingia tena kwenye sebule inayowashwa stima saa tisa mchana. Nakuelewa kabisa. Nani anapenda kumkaribisha mama mkwe mahali ambapo anapapasa kiti kabla ya kukaa? Lakini kabla hujaenda hadiwea kubeba ndoo ya lita 20 ya nyeupe ile ya kung'aa, nisikilize kwanza, maana hapo ndipo wengi wetu huku Kisii na Nyamira tunateleza.

Fundi atakuambia, "Dada, piga nyeupe, nyumba ifunguke." Hakudanganyi, ila amekupa nusu ya maneno. Nyeupe safi hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoigonga, ndiyo, lakini asilimia 80 ya kidogo ni kidogo vilevile. Rangi haina mwanga wake, inarudisha ulioingia tu. Chumba kikiwa na kidirisha kimoja kinachotazamana na ukuta wa jirani, kama zile nyumba za kupanga za Mwembe na Daraja Mbili, nyeupe hugeuka kijivu kwenye pembe, chini ya dari na nyuma ya mlango. Macho yanajua nyeupe inavyopaswa kuwa, kwa hiyo yanaiona chafu hata kama imepakwa jana. Basi unaanza kusugua ukuta usio na doa, unawagombeza watoto ambao hawajagusa kitu, na moyoni unajiona huna bahati na nyumba. Bahati haihusiki hapo, mpenzi. Ulinunua rangi kabla ya kukijua chumba.

Anza na jua. Mashauri unayosoma kwenye simu, kwamba chumba kinachotazama kaskazini ni cha baridi, yameandikwa na watu wa Uingereza na kwingineko kaskazini ya mbali, ambako jua hukaa upande wa kusini mwaka mzima. Mji wa Kisii hauko hata digrii moja kutoka ikweta. Juni jua letu linapita kaskazini, Desemba linapita kusini, na saa sita liko karibu utosini, wala haliingii sana dirishani, hasa ukiwa na veranda pana ya kukinga mvua. Kwetu, linalotofautisha chumba na chumba ni asubuhi na alasiri. Asubuhi mara nyingi anga huwa safi. Ikifika saa nane au tisa mawingu yamejikusanya, na unajua mwenyewe kinachofuata. Kwa hiyo chumba cha mashariki kina neema yake, hata samawati hafifu kitaibeba. Cha magharibi kinanyang'anywa jua lake na mawingu kila siku, na hicho ndicho cha kuonewa huruma wakati wa kuchagua.

Ukishajua jua, toka nje, usimame dirishani ukiligeuzia mgongo, uangalie dirisha linatazama nini. Migomba imelala mpaka kwenye kioo? Chai inaanzia hatua mbili kutoka ukutani? Basi mwanga unaoingia umeshapita kwenye majani na umekuja na ukijani wake. Nyeupe itaunywa huo ukijani, na watu wa nyumbani kwako wataonekana wagonjwa wakati wamekula vizuri. Jirani akiwa na ukuta wa matofali mekundu, mwanga unaingia na wekundu kidogo, na hapo nyeupe isiyo kali haitakuudhi sana. Tumezoea kuhesabu madirisha, lakini hatuulizi yanatazama nini. Na ukipunguza ile migomba miwili ya mbele, utaongeza mwanga kuliko ndoo yoyote ya rangi. Najua ni mali. Nasema tu.

Sasa rangi zenyewe. Kwa chumba chenye mwanga mchache na wa kijani, mimi nakupeleka upande wa joto: krimu, rangi ya siagi, pichi hafifu kabisa, au ile ya mchanga mkavu. Wekundu kidogo uliomo ndani yake hupunguza nguvu ya ule ukijani, na pembe zikiingia kivuli zinaonekana zimekolea tu, hazionekani chafu. Kijivu, kinachopendwa siku hizi kwa sababu ya picha za mitandaoni, kiache. Kijivu kinataka jua la kukifanya kipendeze, na kwenye chumba cha Nyansiongo mwezi wa Julai, na baridi ile, utakaa ndani na sweta na huzuni. Manjano kali pia iache. Ukutani huongezeka maradufu kwa sababu kuta zinamulikana zenyewe kwa zenyewe, na utaamka na maumivu ya kichwa. Ukipenda rangi fulani kwenye kitabu cha rangi, chukua iliyo hafifu zaidi yake.

Dari lipake nyeupe isiyong'aa. Hapo fundi nampa haki yake.

Na kuna jambo ambalo wengi hawaamini mpaka waone. Chumba kisichoshinda mtu mchana, kama ukumbi mwembamba wa kuelekea vyumbani au chumba cha kulala cha wageni, si lazima upigane na giza lake. Kipake kahawia ya udongo au kijani kilichoiva, uweke taa nzuri, kitakuwa na heshima yake. Bibi zetu waliishi ndani ya kuta zilizosilibwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, zenye madirisha madogo sana, na hakuna aliyewahi kuona aibu kwa rangi ya ukuta wake.

Kuchagua dukani ni kujitafutia kesi. Pale kuna mirija ya taa juu na mlango mpana umefunguka barabarani. Rangi inavaa sura ambayo haitavaa kwako. Nunua kopo dogo, upake kipande cha katoni kikubwa, kama nusu mita kila upande, mikono miwili. Kikikauka kizungushe: ukuta wa dirisha, ukuta unaolitazama dirisha, pembe ya giza. Kiangalie asubuhi, kiangalie mvua ikinyesha, kiangalie usiku. Usiku hasa, kwa sababu balbu nyingi zinazouzwa kwetu ni za mwanga mweupe wenye ubluu, zimeandikwa 6500K kwenye boksi, na hizo zinaifanya krimu yako ionekane ya hospitalini. Tafuta zilizoandikwa 2700K au 3000K. Umeme zinaokula ni uleule, tokeni hazitalalamika.

Sasa ile tabia ya kugawa ukuta, chini rangi ya mafuta iliyokolea, juu rangi ya maji. Naijua sababu yake, watoto na matope ya Kisii. Lakini ukiupandisha mstari mpaka kifuani, na chini ni maruni au bluu ya shule, umelilisha giza nusu ya chumba. Ushushe mstari kiunoni, na chini uweke kahawia ya maziwa. Rangi ya mafuta inafichua kila nundu ya plasta, hilo nakuonya, kwa hiyo fundi apige msasa kweli, asikuonyeshe vumbi tu.

Halafu kuna ile pembe yenye madoadoa meusi unayoificha nyuma ya kabati. Usijifanye huioni. Hiyo ni koga, na chumba kisicho na jua ndiko nyumbani kwake. Ukipaka juu yake, miezi michache itakuwa imetokeza tena, tena ikiubambua mkono wako mpya wa rangi. Usipoziba ufa utajenga ukuta: tafuta maji yanakotoka, labda gata imeziba, labda udongo wa nje umepanda juu ya msingi, labda madirisha hayafunguliwi tangu Pasaka. Tengeneza, osha kwa dawa ya klorini iliyozimuliwa huku umefungua madirisha, acha ukuta ukauke vizuri. Ukuta mpya wa plasta nao unahitaji takriban mwezi mmoja kabla ya rangi. Mvua zetu hazina adabu, kwa hiyo wiki za Januari na Februari ni rafiki kuliko zile za Aprili. Najua sherehe ni Desemba. Wageni watakula kwenye hema, ukuta usubiri.

Na mapazia yale mazito ya maruni, pamoja na neti mbili chini yake, yanafanya nini hapo? Unalipia rangi ikuletee mwanga, halafu unaufungia nje kwa kitambaa. Yasogeze kabisa pembeni ya dirisha mchana.

Wewe mpangaji, ongea na mwenye nyumba kwanza, na mkubaliane kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu. Wapo waliopaka kwa pesa zao, wakaambiwa siku ya kuhama warudishe rangi ya zamani, na amana ikazama hapohapo.

Na wewe uliyeshanunua ndoo ya nyeupe, ukasoma huku roho inakudunda, tulia. Haijapotea. Nunua steina (rangi ya kuchanganyia) ya manjano na kidogo sana ya kahawia, fundi azitie tone kwa tone, akikoroga na kujaribu kwenye katoni, mpaka ifike krimu unayoitaka. Muhimu achanganye ndoo yote kwa mara moja, kwa sababu ukichanganya nusu leo na nusu kesho hazitafanana, na mahali zinapokutana ndipo kila mgeni atakapokodolea macho. Ubakishe lita moja, uifunike vizuri, uandike juu ya kifuniko ni ya chumba gani. Alama za vidole vya watoto zitaihitaji kabla mwaka haujaisha.