Jiko la Pipa la Kukaushia Utomvu wa Mepo

Mepo ni mti ule ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Huko Quebec, na ng'ambo ya mpaka Vermont, hugemwa baridi inapoanza kuachia, usiku ukiganda na mchana ukiyeyuka. Ukiuonja utomvu wake utadhani ni maji: lita 40 hutoa kama lita 1 ya shira. Basi kazi yenyewe ni kufukuza maji lita 39. Ukiyafukuzia jikoni kwa sufuria, utakesha, na mvuke utabambua rangi ya dari.

Tafuta pipa la chuma la lita 200 lililobeba chakula, si mafuta wala dawa. Liwashie moto mkali nje likiwa tupu hadi rangi yote iungue. Lilaze, ukate mlango mbele na matundu mawili juu, madogo kidogo kuliko trei zako ili kingo zishike. Trei nzuri ni zile pana za hotelini, za chuma kisichoshika kutu. Bati la zinki usilitumie, wala chombo kilichoungwa kwa risasi.

Wengi hukosea kwenye njia ya moto. Bomba la moshi likiwa nyuma na pipa likiwa wazi ndani, joto hukimbilia nje bila kuigusa trei ya pili. Jaza mchanga na matofali sehemu ya nyuma, ubakishe nafasi ya kiganja tu chini ya trei, ili moto uilambe kwanza. Kuni zikae juu ya chanja, hewa iingilie chini. Ziwe kavu, nene kama kifundo cha mkono, na uongeze chache kila baada ya dakika kumi.

Kina cha utomvu kisipungue sentimita 4. Ukimwaga ndoo nzima ya baridi, mchemko unakufa. Tundika kopo lenye tundu dogo, lidondoshe polepole. Povu likipanda, tone la siagi hulituliza.

Kabla hujaanza, pima maji yako yanachemkia nyuzi ngapi. Shira huiva ikizidi hapo kwa nyuzi 4 za Selsiasi, na hatua hiyo ya mwisho imalizie kwenye gesi, kisha uchuje kwa kitambaa kizito ingali moto.

Unapoipua, makaa yakiwa bado mekundu, mimina maji ndani ya trei papo hapo. Yangu ya kwanza niliiacha tupu nikaenda kutafuta chujio. Niliikuta imejikunja, nyeusi tii.