Mwanafunzi Kazini: Mwongozo kwa Anayeajiri Wasaidizi wa Utafiti Chuoni

Sehemu kubwa ya takwimu zinazotoka katika vyuo vikuu vyetu hukusanywa na wanafunzi. Mhadhiri huandika andiko la mradi, hutafuta fedha na kusaini ripoti, lakini anayepiga hodi kwenye nyumba ya mkulima wa Kilosa saa mbili asubuhi, kishikwambi mkononi, ni kijana wa mwaka wa tatu au wa shahada ya uzamili. Ripoti haiwezi kuwa bora kuliko alichokiandika yeye siku ile. Kwa hiyo namna alivyopatikana, alivyofundishwa na alivyolipwa ni sehemu ya utafiti wenyewe, sawa na sampuli na dodoso. Mwongozo huu ni wa wahadhiri na waratibu wa miradi, zaidi wa Tanzania Bara, na mwanafunzi akiusoma atajua la kuuliza kabla hajakubali kazi.

Anza na kalenda. Vyuo vyetu vingi hufunga mwaka wa masomo mwezi Julai na kuanza mwingine Oktoba au Novemba. Muhula wa pili huangukia masika, wakati barabara nyingi za vijijini hazipitiki na wakulima wako shambani tangu alfajiri. Kazi ya vijijini inayohitaji wadadisi wengi ipangwe kiangazi, kati ya Julai na Septemba: mitihani imekwisha, njia zimekauka, na kaya nyingi zimeshavuna, hivyo zinakumbuka vizuri zilipata magunia mangapi. Angalizo ni kwamba wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza na wa pili huwa kwenye mafunzo kwa vitendo miezi hiyohiyo. Zungumza na idara yao mapema, kwani huenda ikakubali kazi ya mradi ihesabiwe kuwa ndiyo mafunzo hayo. Ikikubali, usiigeuze ruhusa hiyo kuwa sababu ya kutomlipa. Anakula, anapanda basi na anachoka kama wenzake.

Wakati wa masomo, mpe kazi anayoweza kuifanya akiwa chuoni: kuingiza data, kunukuu mahojiano yaliyorekodiwa, kutafuta na kupanga machapisho, kusaidia maabara. Wenzetu wanaosoma Marekani na Uingereza kwa viza ya mwanafunzi kwa kawaida huwekewa kikomo cha saa 20 za kazi kwa wiki muhula ukiendelea. Kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza mwenye vipindi vya kutwa, ningependekeza saa 10 hadi 15, na kazi isimame kabisa wiki mbili kabla ya mitihani. Anayefeli somo kwa sababu ya mradi wako atalibeba deni hilo peke yake mwaka unaofuata, na wewe utakuwa umeshawasilisha ripoti.

Kuhusu kumpata, tabia iliyozoeleka ni kumchukua aliye karibu: anayeingia ofisini mara kwa mara, anayetoka nyumbani kwa mhadhiri, au aliyependekezwa na rafiki. Wakati mwingine huyo ndiye anayefaa kweli. Lakini msichana mkimya wa kiti cha nyuma, anayezungumza Kisukuma kama aliyekinyonya katika maziwa ya mama na anayejua kukaa na wazee, hatajua kwamba kazi ilikuwepo. Andika tangazo la ukurasa mmoja, libandike kwenye ubao wa idara na lipitie makundi ya WhatsApp ya madarasa kwa mkono wa viongozi wao. Litaje kazi ni ipi, wapi, siku ngapi, malipo kwa siku, nani analipa nauli na malazi, na mwisho wa kuomba. Malipo yasipotajwa, wanaojitokeza huwa ni wale wenye kwao pa kutegemea, na hao si lazima wawe ndio bora.

Lugha na jinsia zizingatiwe bila haya. Dodoso la uzazi wa mpango linahitaji wadadisi wanawake. Katika vijiji vya Wamaasai au kwa bibi wa miaka 70 huko Mbulu, Kiswahili chako kizuri hakitoshi. Mwambie mwombaji atafsiri papo hapo maswali mawili ya dodoso kwa lugha ya kijiji, mbele ya mtu anayeijua. Kwa kazi ya kunukuu sauti, mpe dakika tano za rekodi yenye kelele uone anachokileta. GPA haikuambii lolote kuhusu mambo hayo. Usaili ufanywe na watu wawili au zaidi, nanyi muandike sababu za kumchukua huyu na kumwacha yule.

Kama mwombaji yuko darasani kwako, au wewe ndiye msimamizi wa tasnifu yake, hapo pana mtego. Hawezi kukukatalia kwa uhuru. Mwombe mwenzako asimamie usaili wake, mwambie waziwazi kwamba kukataa au kuacha kazi hakutagusa alama zake, na umaanishe hivyo. Kwa wa uzamili na uzamivu, mkubaliane kabla ya siku ya kwanza ni data zipi za mradi anaweza kuzitumia katika tasnifu yake na zipi hawezi. Nimeona urafiki wa miaka ukivunjika kwa sababu jambo hilo liliachwa hadi siku ya kuwasilisha.

Mkataba

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya maandishi: majina, kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, muda wa mkataba, mahali pa kazi, saa za kazi na malipo. Sheria hiyo inaweka ukomo wa saa 9 kwa siku na saa 45 kwa wiki, na saa za ziada zilipwe mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Ofisi ya rasilimali watu ya chuo ndiyo itakayokuambia kama mwanafunzi wako aingie kwa mkataba wa ajira wa muda au kwa utaratibu mwingine. Waulize kabla, kwa sababu jibu lao ndilo linaloamua makato. Kodi ya mshahara haitozwi kwa kipato cha mwezi kisichozidi shilingi 270,000. Mwajiriwa anayeingia Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) huchangiwa asilimia 20 ya mshahara, ambapo nusu yake inaweza kukatwa kwake. Na mwanafunzi wa uzamili aliyesoma shahada ya kwanza kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), akiajiriwa, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kurejesha mkopo. Mweleze hayo kabla hajasaini, asije akayaona kwa mara ya kwanza kwenye hati ya malipo.

Kuna jambo moja ambalo bajeti nyingi hulisahau kabisa, nalo ni ajali. Wadadisi hupanda bodaboda kwenye njia za milimani na mitumbwi ziwani. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi huchangiwa na mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi chochote, na humlinda anayeumia akiwa kazini. Kijana aliyetumwa bila mkataba hujikuta nje ya ulinzi huo, na mguu ukivunjika Ludewa, simu itapigwa kwa wazazi wake. Hakikisha pia kadi yake ya bima ya afya iko hai siku anayoondoka.

Fedha

Hapa ndipo miradi mingi inapoharibikia. Malipo ya chuo hupita mikono mingi, na fedha zilizoombwa leo zinaweza kutoka baada ya wiki kadhaa. Mtafiti mkuu anajua hilo, lakini hupeleka vijana kituoni akiwaambia “pesa iko njiani”. Mwanafunzi huyo anaishi kwa bumu, yaani posho ya mkopo wa masomo, na bumu likichelewa hana pa kushika. Akifika wilayani atakopa kwa mwenye gesti, atakula mlo mmoja, na ikifika siku ya tano atafikiria jambo ambalo siku ya kwanza asingelifikiria: akae kivulini ajaze madodoso matatu kwa kubuni. Kupika takwimu ni kosa, na atawajibika nalo. Aliyemtuma bila nauli naye alishiriki.

Kwa hiyo omba masurufu mapema, na timu isiondoke kabla fedha za kujikimu za angalau wiki ya kwanza hazijaingia kwenye akaunti au simu ya kila mmoja. Mlipe kwa jina lake, si kupitia kiongozi wa timu atakayegawa. Kwenye bajeti weka siku za mafunzo, siku ya majaribio, siku za kusafiri na siku ya mapumziko. Zote ni siku za kazi na zote zilipwe. Weka bando, vocha, betri ya akiba na mabuti. Asaini kiasi kilekile alichopokea. Orodha ya malipo yenye sahihi ya shilingi 50,000 kwa aliyepewa 30,000 ni wizi, hata kama tofauti imetumika kununua mafuta ya gari la mradi.

Kunukuu sauti kuna hesabu yake. Saa moja ya mahojiano humchukua mtu mzoefu saa nne hadi sita kuiandika neno kwa neno, na zaidi kama waliokuwa wakizungumza ni kikundi au kama kuna kutafsiri. Ukipanga malipo kwa saa ya sauti, gawanya kwanza kwa sita uone unamlipa nini hasa.

Mafunzo na kazi yenyewe

Siku moja ya kusoma dodoso kwa sauti ukumbini si mafunzo. Wape siku tatu au nne: kwa nini utafiti unafanywa, kila swali linatafuta nini, namna ya kuuliza bila kuelekeza jibu, na namna ya kupokea jibu la “sijui” bila kulazimisha. Wahojiane wenyewe kwa wenyewe, kisha waende kijiji cha jirani ambacho hakimo kwenye sampuli. Jioni ya majaribio hayo huleta faida kubwa kuliko mkutano wowote wa wataalamu, kwa sababu vijana ndio watakaokuambia kwamba swali la 14 linachekesha na la 22 linawaudhi akina mama. Wasikilize, rekebisha.

Hesabu mzigo kwa uaminifu. Dodoso la saa moja na nusu, kutembea kati ya nyumba na kusubiri mwenye kaya arudi kutoka shambani, vinaruhusu nyumba nne kwa siku, tano zikienda vizuri. Anayewapangia nane ameagiza uongo. Programu kama KoboToolbox na ODK zinaweza kurekodi saa mahojiano yalipoanza na yalipoisha na mahali yalipofanyika. Pitia kumbukumbu hizo kila jioni, na msimamizi arudie maswali machache katika nyumba moja kati ya kumi. Waambie tangu mafunzo kwamba hilo litafanyika. Ukiona mahojiano ya dakika 12 ambayo kwenye majaribio yalichukua saa moja na nusu, mpigie kijana usiku uleule umuulize kwa utulivu. Huenda alikutana na kaya ya mtu mmoja asiye na shamba.

Kila timu ibebe nakala za vibali. Vyuo vikuu vya umma huwapa wahadhiri na wanafunzi wao barua za ruhusa ya utafiti kwa niaba ya Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Tafiti za afya zinahitaji kibali cha maadili, na mamlaka ya kitaifa kwa Bara ni Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Barua hupita kwa Katibu Tawala wa mkoa au wilaya, au kwa Mkurugenzi wa halmashauri, kisha kwa mtendaji wa kata na wa kijiji. Mwanafunzi asiye na barua wala kitambulisho, anayeuliza watu wana ng’ombe wangapi, anaweza kuishia kituo cha polisi. Nchini Kenya kibali cha utafiti hutolewa na tume ya NACOSTI.

Siri za watu nazo zina sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023. Fomu za ridhaa zenye majina zitunzwe mbali na majibu, vishikwambi viwe na nywila, na picha za wahojiwa zisionekane kwenye “status” ya mtu.

Usalama wa wadadisi ni wajibu wako hata ukiwa ofisini. Watembee wawiliwawili, warudi kabla ya giza, kila msichana awe na chumba cha kulala chenye kitasa kinachofunga. Na pawepo mtu wa kumpigia ambaye si wewe. Kazi ya utafiti, safari na malazi ya gesti vimetumiwa na baadhi ya wenye madaraka kudai ngono. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinaitaja rushwa hiyo kuwa kosa la jinai, na TAKUKURU hupokea taarifa kwa simu ya bure 113. Namba hiyo iandikwe kwenye karatasi ya mawasiliano ya timu, pamoja na ya dawati la jinsia la chuo.

Jina lake

Ukusanyaji wa data peke yake, kwa masharti manne ya Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba, haumfanyi mtu kuwa mwandishi wa makala. Anayekusanya hushukuriwa kwa jina. Lakini masharti hayohayo yanasema aliyechangia kwa kina asinyimwe nafasi ya kushiriki kuandika na kuidhinisha. Mwanafunzi wa uzamili aliyechambua data na kuandika sehemu ya matokeo ni mwandishi mwenza, na nafasi ya jina lake ijadiliwe naye akiwepo. Ikiwa makala nzima imetoka kwenye tasnifu yake, jina lake litangulie.

Siku ya kufunga kazi, pokea vishikwambi kwa kusainiana, hakikisha data zimehamishiwa mahali salama na kufutwa kwenye simu za watu, maliza malipo ya mwisho, na mpe kila mmoja barua inayoeleza alichofanya: kaya alizohoji, programu alizotumia, lugha alizofanyia kazi, tarehe alizoanza na kumaliza. Barua ya jumla isemayo “alishiriki vyema” haimsaidii mbele ya mwajiri anayetafuta msimamizi wa takwimu. Ripoti ikitoka, mtumie nakala.